Unyayo Juu ya Mtungi wa Kabichi: Maisha ya Bibi Dou Caixia (1947–2018)

Ndugu, majirani, na wageni mliotoka mbali katika baridi hii, aliyelala mbele yenu hakuwahi kuliona swali akalipita. Wiki mbili kabla ya kututoka alituita wote akasema: "Mkinisifia uongo siku ya kunizika, nitakaa kitako humo humo jenezani niwasahihishe." Tulimjua vizuri, tukaogopa. Kwa hiyo haya yanayosomwa leo ni yale aliyotaka yasomwe, pamoja na lile moja gumu.

Marehemu Bibi Dou Caixia alizaliwa tarehe 12 Februari 1947 katika kijiji hiki cha Liushugou, wilaya ya Qitai, mkoani Xinjiang. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Mzee Dou Wancang na mkewe, Bibi Kou. Nyumba yao iliegemea ukuta wa mji wa kale, ule mnaouona kutoka hapa makaburini. Chumba alichozaliwa kilikuwa na kuta tatu za miaka sita na ukuta mmoja wa miaka zaidi ya elfu, na mama yake alisema ni huo wa miaka elfu tu ambao haukupitisha upepo.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia 1955 hadi 1961. Siku moja alimuuliza mwalimu wake watu waliokaa mji ule walikwenda wapi.

"Walikufa," mwalimu akajibu.

"Wote siku moja?"

"Caixia, toka nje."

Alitoka, akaenda kukaa juu ya ukuta wenyewe, akaendelea kujiuliza. Ripoti yake ya mwisho iliandikwa maneno manne tu: "Ana akili. Anauliza mno." Mwaka ule njaa ilikuwa imebisha hodi kila nyumba, na hakurudi tena darasani. Alishika jembe.

Sasa lile gumu. Wazee waliopo wanakumbuka kwamba udongo wa kuta za kale ulikuwa mbolea yetu. Ulikuwa unamwagwa kwenye shamba la chumvi, na ngano inaota. Babu zetu walifanya hivyo, na hakuna aliyeona ni kosa. Lakini mwaka 1963 mji uliwekwa chini ya ulinzi, kikosi cha uzalishaji, kilichosimamia mashamba ya pamoja ya kijiji, kikapiga marufuku kuchimba, na Mzee Ma Yulin, jirani yetu, akapewa kazi ya kulinda. Mzee Dou Wancang alikuwa na watoto watano na shamba lililokuwa jeupe kwa chumvi. Katika majira ya kuchipua ya 1964, kwa siku tisa mfululizo, kila adhuhuri Mzee Ma alipoteremka mferejini kutawadha na kuswali, yeye na binti yake walikibeba kidogo kidogo kilima kilichokuwa nje ya ukuta wa kaskazini. Aliyemwongoza punda alikuwa Caixia. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Siku ya tisa jembe lake liligonga tofali la kuchomwa, la kijivu. Alipolifuta udongo kwa upindo wa nguo akakuta juu yake unyayo wa mtoto mdogo, mfupi kuliko kiganja chake, vidole vyote vitano. Mtu alikanyaga tofali bichi, likaingia tanuri hivyo hivyo.

"Baba, hebu tazama!"

"Tupa hilo, twende. Ma anarudi."

Hakulitupa. Alilificha chini ya majani ya punda. Kikosi kilipogundua kwamba kilima hakipo, aliyechimba hakujulikana, ila mlinzi alijulikana. Ikasemwa Ma Yulin alilala kazini. Akanyang'anywa ulinzi, akapelekwa milimani kuchunga kondoo, na huko alikaa miaka kumi na mmoja. Mzee Wancang akanyamaza, na binti yake akanyamaza naye.

Tarehe 6 Oktoba 1968 aliolewa na Geng Fuhai, fundi seremala wa kijiji hiki hiki. Aliingia kwa mumewe na mablanketi mawili, sanduku moja na tofali. Mama mkwe alipouliza la nini, bibi harusi akajibu, "La kukandamizia kabichi, mama." Na kweli, kwa miaka arobaini tofali hilo lilikaa juu ya mtungi wa kabichi ya kuchachusha, unyayo ukiwa umetazama juu. Sisi wanawe tumekula kabichi iliyokanyagwa na mtoto huyo maisha yetu yote.

Ugomvi wao mkubwa katika ndoa haukuwa wa chakula wala wa wakwe. Ulikuwa wa unyayo.

"Huyu alikuwa anakimbizwa," Mama alisema.

"Akimbizwe na nani? Mfyatua tofali alimkanyagisha mwanawe makusudi, apate baraka," Baba alisema. "Mtoto anayekimbia haachi vidole vilivyopangika hivyo."

"Wewe umelea watoto wangapi, Baba Xinghe, hata ujue wanavyokimbia?"

"Watatu. Si hao wako?"

"Umewatengeneza. Kuwalea ni kitu kingine."

Waligombana hivyo kila mwaka mtungi ulipofunguliwa, na hakuna aliyekubali yaishe.

Mwaka 1984 kijiji kilitafuta mlinzi wa magofu. Kazi hiyo watu waliikwepa, maana ni jua, upepo na ugomvi na majirani. Bibi Caixia aliinua mkono kabla tangazo halijaisha. Kwa miaka ishirini na minne alizunguka kuta zile kila siku, na yeyote aliyemkuta na koleo na toroli alijuta. Hata binamu yake mwenyewe hakusalimika: Mama alimfukuza mpaka mlangoni kwake huku akimtukana. Watu walidhani anapenda sifa.

Mwaka 1986 alikuja mtaalamu wa mambo ya kale, akakaribishwa tambi, akaliona tofali pale jikoni. Aliacha vijiti vyake vya kulia mezani.

"Dada, hili limetoka wapi?"

Mama alimtazama. "Nililiokota njiani."

"Njia ipi?"

"Sikumbuki."

Mtaalamu alisikitika sana. Alisema kama angejua mahali, angeweza kuchimba hapo na kujua tanuri lilikuwa wapi, na pengine mtoto alikuwa nani. Bila mahali, alisema, lilikuwa tofali tu. Mama alikuwa anataka kujua jambo hilo kuliko kitu chochote duniani, na kinywa chake kilikataa. Mashamba yalikuwa yameshasawazishwa, kilima kilishasahaulika, na aliyejua kwamba tofali lilitoka hapo ni yeye peke yake. Kukitaja ni kumtaja baba yake. Ni kumtaja Ma Yulin pia.

Baba yetu alifariki mwaka 2003. Asubuhi ya mazishi, jeneza lilipokuwa linanyanyuliwa, Xinghe, mtoto wa kwanza, alitakiwa avunje bakuli la udongo juu ya tofali, kama ilivyo desturi. Katika pilikapilika mtu akachukua tofali la mtungini. Mama aliacha kulia hapo hapo. "We! Si hilo! Mtamvunja mtoto mguu!" Watu walicheka mazishini, na hata sisi tulicheka.

Lakini tangu siku hiyo hakutulia. Mwezi wa Septemba 2009 alibeba chai, sukari guru na tofali lake, akaenda kwa Mzee Ma Yulin, aliyekuwa na miaka themanini na sita. Alimweleza yote akiwa amesimama. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Punda wa baba yako," akasema, "mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa na ukwato uliopasuka. Nilizijua nyayo zake tangu siku ya pili."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Baba yako alikuwa na vinywa vitano vya kulisha. Mimi nilikuwa sina mtoto bado." Akamwonyesha kiti. "Kaa, binti yangu. Umechelewa kweli wewe. Chai nilishaichemsha tangu mwaka sitini na nne."

Mama alikaa, akalia kama mtoto, na bila aibu. Wiki iliyofuata wote wawili walisimama katika shamba la alizeti, mzee akaelekeza kwa fimbo, naye akalikabidhi tofali kwa wataalamu. Alitoa sharti moja: mahali pale paandikwe Kilima cha Ma Yulin, na iandikwe pia kwamba hakulala. Yameandikwa. Mzee Ma aliyasoma kwa macho yake, akafariki mwaka 2012.

Figo za Bibi Caixia zilianza kumsumbua mwezi Aprili 2017. Alitibiwa Qitai na baadaye Urumqi, akaomba arudishwe nyumbani. Mwezi wa Novemba Fan Lu, mtaalamu kijana wa kike aliyeongoza uchimbaji katika shamba lile la alizeti, alikuja kitandani kwake na picha. Katika vipande vya sakafu ya tanuri walikuta tofali la pili. Lilikuwa na unyayo wa mtu mzima, mtupu, umedidimia mbele kwenye vidole, kama wa mtu anayekimbia.

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Nilimwambia! Nilimwambia mzee yule!" Kisha akauliza, "Ni wa mwanamke, siyo?"

"Hatuwezi kusema, Bibi."

"Wa mwanamke huo. Mwanamume angesimama mlangoni akapiga kelele." Akaigeuza geuza picha. "Na je, alimkamata?"

"Matofali mengine bado hatujayatoa, Bibi."

"Fanyeni haraka basi. Mimi sina muda."

Alifariki kwa utulivu tarehe 3 Machi 2018, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Picha ilikuwa chini ya mto wake, na tumeiacha naye.

Ameacha watoto watatu: Geng Xinghe, Geng Suqin na Geng Xingye, wajukuu sita, kitukuu mmoja aliyeanza kutembea mwezi uliopita, ndugu wawili, na familia ya marehemu Ma Yulin, ambao vijana wao wamelibeba jeneza hili pamoja na wetu. Bakuli la leo limevunjwa juu ya tofali la dukani.

Baba, huko uliko, jiandae: anakuja na ushahidi. Na kama mtoto yule alikamatwa au alitoroka, sasa Mama ameshamuuliza mwenyewe. Apate jibu lake, na akishalipata, apumzike kwa amani.