Nywele za Seremala

Ndani ya basi, kiti cha mbele yangu, kinyozi alimchokoza seremala aliyekaa naye: "Kaka, msitu huo kichwani unafuga wanyama gani?" Nimestaafu, lakini masikio yangu bado yako kazini.

"Mbwa wa mama amekufa," seremala akajibu. "Mama haoni. Mbwa alimwongoza miaka kumi, na kila asubuhi lazima mama ampapase manyoya. Nilimzika kimyakimya nyuma ya karakana. Sasa nimefuga nywele, naingiza kichwa changu chini ya mkono wa mama badala yake."

Kinyozi akaacha kucheka. "Mwambie ukweli, ndugu yangu. Utamdanganya mama mzazi mpaka lini?"

"Ananikuna nyuma ya sikio, ananibembeleza. Tangu nizaliwe hajawahi kunishika hivyo."

"Anamshika mbwa, si wewe."

"Najua. Nikimwambia, ataondoa mkono," alisema seremala, na basi likasimama kituoni kwake.