Milioni Moja na Moja: Kwa Mwalimu Hibo Abdiqadir

Mwalimu Hibo Abdiqadir anastaafu leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha hisabati shuleni kwetu. Alikuja akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, na sauti iliyosikika hadi mtaa wa Lucky Summer.

Ni binti wa muuza mbuzi wa soko la Kiamaiko, na vigawanyo alivifundisha kwa mifugo ya nyumbani. Mbuzi kumi na wawili hupangika kwa safu za wawili, watatu, wanne au sita. Akiongezwa mmoja, wanakataa kila mpango ila mstari mmoja mrefu.

"Madam, hao wamegoma!" Wakoli wa darasa la sita alipiga kelele.

"Hawajagoma, ni tasa. Keti."

Sasa nifike mwaka 1996, ambao programu za sherehe huuruka. Mimi, Wekulo, ndimi niliyekuwa mwalimu mkuu. Siku ya Wazazi niliwauliza wanafunzi wataje nambari tasa iliyozidi milioni moja. Jibu langu lilikuwa 1,000,001. Nilikuwa nimeigawa kwa nambari tasa zote ishirini na tano za chati ya ukutani, na kila moja iliacha baki. Chati hiyo iliishia 97.

Hibo alisimama mbele ya wageni. "Samahani, Mwalimu Mkuu. Hiyo inagawanyika kwa mia moja na moja."

"Mia moja na moja haiko kwenye chati," nilimjibu. Wazazi walinipigia makofi.

Jumatatu niliigawa kwa 101 ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Nilipata 9,901, bila baki. Kisha, kwa kalamu hiyo hiyo, nikamwandikia mwajiri kwamba Mwalimu Hibo humpinga mkuu wake bila msingi. Kwa sababu ya barua hiyo alinyimwa unaibu mara tatu, wala hakuambiwa kwa nini. Aliupata mwaka 2009, nilipokuwa nimeshastaafu.

Msingi alikuwa nao. 1,000,001 ni witiri. Husomeka vilevile kutoka kushoto au kulia. Ni nambari pungufu, maana vigawanyo vyake vidogo, yaani 1, 101 na 9,901, vikijumlishwa vinafika 10,003 tu. Tasa si. Niliyoitafuta ilikuwa 1,000,003.

Nina miaka themanini, na daktari hataki kuzungumzia Krismasi. Nimemwandikia mwajiri nikiomba barua yangu ya 1996 ifutwe. Bi. Mukai, mwalimu mkuu wa sasa, ana nakala ya ombi hilo, na ataisoma leo kabla ya chakula ili wote wasikie. Miaka kumi na mitatu niliyomchelewesha Hibo siwezi kuirudisha.

Mwalimu Hibo, shule inakushukuru kwa kila mtoto uliyemfundisha kugawa hadi mwisho. Upumzike vyema, uwe na afya na nyumba yenye furaha. Na ukiamua kunisamehe, tafadhali fanya haraka kidogo.