Johana Kimeli, Fundi Asiyelaza Jiwe

"Mimi nikijenga, hata jiwe moja halilali chini." Hayo Mzee Johana Kimeli aliyatamka kwenye harambee ya zahanati kule Bomet mwaka 1991, kipaza sauti mkononi, na watu wakacheka hadi mwenyekiti akasahau kumshukuru.

Alizaliwa Ndanai mwaka 1949, msimu wa ukungu ambao mamake alisema haukuwahi kumtoka machoni kabisa. Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu aliiweza, kutazama nje ya dirisha aliweza zaidi.

Mwaka 1970 aliajiriwa kupokea majani katika kiwanda cha chai karibu na Kericho, na huko ndoto yake ikaanza. Jani lililochumwa asubuhi sharti lifike kiwandani siku hiyohiyo, likilala linaharibika. Kimeli akajiuliza, mbona simiti hulala stoo mpaka igande, na mafundi nao hulala wakingoja kokoto? Alipoingia ujenzi mwaka 1982, mawe yaliitwa kutoka machimboni pale tu mkono wa mwashi ulipokuwa mtupu. Hata mchota maji aliruhusiwa kusimamisha kazi akiona ukuta umepinda. Zahanati ile ya Bomet aliiezeka kabla ya mvua ya masika, na waliocheka wakaja kupimwa malaria humo.

Mwaka 1975 alimwoa Yunia Bochaberi. Kwetu anayejenga hujulikana kwa lundo la mawe uani. Uani kwa Kimeli palikuwa na kuku.

"Baba Nelvine," Yunia alimwambia, "wenzangu wana malundo ya mawe. Mimi nina lundo la maneno yako."

"Mama Nelvine, jiwe likilala, nyasi hulikumbatia, likakataa kuamka."

Januari 1996 ugonjwa wa koo ulimshika. Hapo Yunia akaacha mzaha: alitaka mumewe awajengee nyumba ya mawe, aiingie kwa miguu yake mwenyewe. Kimeli aliongoza kazi akiwa kitini, blanketi magotini, akiita mawe kwa kidole kama anayeita ndama. Kuta zikapanda polepole ndani ya ukungu. Mabati yalifika Jumatatu, yakapigwa Jumanne.

"Na mlango?" Yunia aliuliza.

"Mlango huitwa siku ya kuingia."

Usiku huo alizidiwa. Aliaga dunia Kapkatet, hospitalini, Jumatano tarehe 22 Mei 1996. Jana alasiri aliingia nyumbani kwake mabegani mwa majirani, shuka la Yunia likining'inia mahali pa mlango.

Ameacha mjane wake Yunia, na watoto Nelvine, Weldon na Chepngeno. Mungu amlaze kwa amani, mahali ambapo hakuna kazi iliyobaki.

Mlango wa mbao, sokoni Kapkatet, ni shilingi elfu mbili mia tatu.