Jipu Lililokaa Juu ya Matofali

Ndugu zangu, Mungu wa barabara mbovu apewe sifa! Mbona sauti ziko chini, hamkula? Apewe sifa tena!

Mimi ni Papa Mushagalusa wa Muhumba. Wengine mnanijua kama fundi wa magari, na wengine kama yule mtu wa jipu lisilotembea. Mlinicheka sana, na mlikuwa na haki. Leo nataka mjue jipu lile lilikuwa la nini, na Bwana alinitoa wapi.

Kabla ya vita nilikuwa shofa wa daktari wa ng'ombe. Tulizunguka Walungu nzima tukichanja mifugo, na nyuma ya gari tulivuta karavani, kile kinyumba cha magurudumu mawili chenye kitanda na dirisha moja. Daktari alilala kwenye misheni. Karavani alituachia mimi na mke wangu Nabintu, tulikuwa tumeoana juzijuzi. Kitanda nilikipigilia misumari mwenyewe. Nabintu akashona pazia la kijani la dirishani. Ndugu zangu, sijalala tena usingizi kama ule, mvua ikipiga bati na mke wangu akicheka gizani! Daktari alipoondoka nchini alikwenda na gari lake, karavani akatupatia kama zawadi. Hatukuwa na cha kuivutia. Ikabaki uani kwa mama mkwe wangu kule Walungu, sisi tukahamia mjini.

Vita vilipokuja, mama mkwe alianguka akitoka shambani, nyonga ikavunjika. Nabintu akaenda kumuuguza. Aliniambia, "Papa, ni siku nane tu." Barabara ikafungwa nyuma yake. Siku nane zikawa miezi, na miezi ikawa mwaka na zaidi.

Niseme ukweli mbele ya Mungu: nilimtamani mke wangu mpaka nikawa kama mgonjwa. Nilisonga bugali ya watu wawili, nikala nusu, nusu ikalala sahanini. Kitenge chake nilikataa kukifua, mpaka harufu ya sabuni yake ikaisha yenyewe. Siku hiyo nililia kama mtoto.

Mtauliza, si angerudi kwa pikipiki za njia za porini? Angerudi, lakini asingemwacha mama yake, na nyonga iliyovunjika haipandi pikipiki. Tena mama yule ni wa desturi za wazee wetu. Alituma neno kwa Maman Bahati, anayeleta maharagi mjini kwa miguu: "Mimi nilale chini ya paa ya mukwe wangu? Afazali nikufe hapa." Hapo nikapata wazo. Kama hawezi kulala nyumbani mwangu, nitamleta pamoja na nyumba yake! Nitaivuta karavani hadi uani kwangu, na ndani yake atakuwa mama mwenye nyumba.

Nikauza parseli yangu, kile kiwanja cha Bagira, nikanunua jipu kuukuu, kubwa, la magurudumu manne yanayovuta yote. Na kama mnavyokumbuka, siku zile gari zima halikuachwa na wenye bunduki. Nikalivua magurudumu, nikaliweka juu ya matofali nyuma ya nyumba, nikalifunika turubai. Nikaanza kulitengeneza humo humo.

Niliweka resori nzito, zile springi za chini, ili mkia usikae chini ukivuta mzigo. Nikachomelea chuma cha nyuma cha kufungia karavani. Nikabadilisha breki na radiateri, maana kuvuta nyumba mlimani si mchezo. Nikatafuta tairi za matope. Kisha nikasema, bado taa. Kisha bado chuma cha kukinga mbele. Kisha nikalipaka rangi, ndugu zangu! Rangi, gari ambalo halijatembea hata mita moja!

Kila juma Maman Bahati alinifikishia neno la mke wangu, na kila juma nilimrudisha na jibu lile lile: bado kidogo. Siku moja akaniambia, "Papa, mama mukwe anauliza, iko jipu ao unajenga train?" Nikacheka. Nilikuwa nacheka kwa mdomo tu.

Halafu likaja juma ambalo Maman Bahati hakusema kitu. Alifungua kapu lake, akatoa kitambaa kilichokunjwa. Ni pazia la kijani.

"Bibi yako anasema hivi," akaniambia. "Kila magaribi alikuwa anaikala mu karavani, anaangalia barabara kupitia dirisha. Sasa ametosha rido, ni hii pazia. Hataangalia tena."

Nililishika pazia lile, nikaenda nikapiga magoti kando ya jipu. Na pale Bwana alinionyesha uchi wangu. Jipu lilikuwa tayari tangu miezi mitano! Hakuna kilichopungua. Niliyepungua ni mimi. Niliogopa barabara, niliogopa bariera za askari, niliogopa kufa, na woga wangu nikaupaka rangi nikauita matengenezo. Jumapili nikatubu mbele ya kikundi chetu cha maombi. Jumatatu asubuhi nikafunga magurudumu.

Kwenye bariera ya kwanza nikasimamisha jipu, nikashusha kioo. Askari akauliza, "Unaenda wapi na gari ya namna hii?" Nikasema, "Naenda kuleta mama mukwe." Akaangalia wenzake, wakaangua kicheko. "Batu banakimbia bamama bakwe, ye anamufuata! Pita, muzee, uko na shida ya kutosha." Aleluya! Hata mama mkwe Bwana anaweza kumgeuza kuwa pasi ya kusafiria!

Nikafika Walungu. Nabintu alisimama mlangoni, amekonda, hakunikimbilia. Alisema tu, "Umekawia." Nikasema, "Niliogopa." Hapo ndipo akalia, na mimi nikalia.

Tukamleta mama kwenye kipoyi, ile machela ya mianzi ya kubebea wagonjwa. Tulipofika mlangoni pa karavani akachungulia, akafunika uso kwa kitenge.

"Ile kitanda iko ya nani?"

Ndugu zangu, nilifikiria resori, nilifikiria radiateri, nilifikiria mpaka rangi! Sikufikiria kwamba namlaza mama mkwe kwenye kitanda nilicholalia na binti yake! Majirani wakaangalia chini. Nikatamani ardhi inimeze.

Nikachukua nyundo, nikaingia. Kitanda cha ujana wetu nikakivunja ubao kwa ubao, Nabintu akipokea kila ubao mlangoni. Ubao wa mwisho aliushika muda mrefu kidogo, kisha akauweka chini pamoja na zingine. Tukaingiza kipoyi palipokuwa kitanda. Mama akaangalia huku na huku, akasema, "Sasa iko nyumba yangu. Mukwe wangu, toka inje."

Tulirudi salama. Matope yalikuwa mpaka ekseli, na jipu lilivuta kama ng'ombe dume, sitalinyima sifa yake. Juma la tatu watu wenye bunduki walikuja wakalichukua, na rangi yake yote. Sikulilia. Lilikuwa limemaliza kazi yake.

Karavani sasa ndiyo iko juu ya matofali. Mama anaishi humo. Kila asubuhi anaomba tumfungulie mlango aangalie upande wa Walungu, naye anauliza kama barabara imefunguka, kwa maana amekumbuka shamba lake. Tumwombee. Pazia lake ni jipya, jekundu. Lile la kijani liko chumbani kwetu.

Ndugu yangu unayesema bado kidogo, unayengojea tairi nyingine na rangi nyingine, mwamini Mungu na hicho ulicho nacho. Mtu wako anaangalia barabara, na hataangalia milele. Mimi nilichelewa, Bwana akanihurumia, na shahidi wake ameketi pale, benchi ya tatu.

Maman Nabintu, simama. Simama, mama, wakuone.