Nilipolia Wakanipigia Makofi

Bwana asifiwe, akina mama. Mama mchungaji ameniomba niseme habari za uvumilivu. Nilimwonya mapema kwamba ya kwangu si matamu, asije akanivuta gauni katikati. Na nitaongea nimekaa, mniwie radhi. Goti hili la kulia halipendi kusimama.

Wengi mnanijua kama Mama Elia wa Nakwa, yule wa mahindi na mbaazi. Wachache mnanijua kwa jina la Injini. Hao wachache naona wameanza kutazama sakafu. Msiogope, sitamtaja mtu.

Nilikuwa nacheza mpira wa miguu, timu ya wanawake ya hapa mjini. Nafasi yangu ilikuwa kiungo. Kwa mama zangu msioujua mpira, kiungo ni yule anayecheza katikati, kati ya wanaozuia na wanaofunga. Mfikirieni dada anayegawa chakula kwenye harusi. Wapishi wako nyuma wanamsukuma, wageni wako mbele wanamwita. Sahani ikichelewa analaumiwa yeye, chakula kikinoga wanasifiwa wapishi. Basi ndiye mimi.

Na nilikimbia, jamani! Tukishambuliwa niko golini kwetu nakaba. Tukipata mpira niko golini kwao natoa pasi. Beki wetu wa kushoto alipenda kupanda mbele kutafuta sifa za kufunga, halafu mpira ukipotea anarudi anatembea, ameshika kiuno, kama anatoka mnadani. Nani anaziba pale kwake? Injini. Kiungo mwenzangu alianza msimu akiwa mwepesi, akaumaliza amenenepa, kwa sababu kila mpira wa kwake niliufikia mimi kwanza. Kocha alifurahi sana. Aliwaambia wenzangu, "Mkichoka, mwachieni Injini." Wakacheka, na mimi nikacheka. Nilidhani napendwa.

Goti likaanza kuuma mazoezini. Nikamwambia kocha, akanijibu, "Kanda na maji ya moto, Jumamosi tunakuhitaji." Nikakanda. Mama yangu mzazi akanichua kwa mafuta huku akinisema, maana hakuwahi kukubali mwanamke mwenye mtoto akimbizane na mpira mbele za watu.

Jumamosi hiyo ilikuwa fainali, sisi na timu ya Bonga. Mpaka mapumziko tunaongoza. Nikamfuata kocha kwenye benchi nikamwambia, "Kocha, nitoe. Goti halishiki." Akaniangalia kama mtu aliyeombwa kitu cha wenyewe. Akasema, "Vumilia kidogo tu." Ndilo hilo neno, mama mchungaji. Ndiyo maana nikilisikia linanipanda kichwani.

Kipindi cha pili mpira ukapotea upande wa kushoto. Beki yuko kule mbele, amesimama anabishana na refa. Nikakimbia kuziba. Nikakanyaga, mwili ukageuka, goti likabaki palepale. Nikasikia kitu kinakatika ndani. Nikaanguka, nikapiga kelele ambazo sikuzipiga hata siku ya kumzaa Elia.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Timu yetu ilikuwa na mazoea. Tukiwa tunaongoza, mmoja anajiangusha, anashika mguu, anagaagaa, muda unakwenda. Tulifundishwa kabisa namna ya kulia. Kwa hiyo nilipolia mimi, watu wangu wakanipigia makofi. Makofi! Benchi zima linashangilia. Nahodha akaja, akainama, akanishika mkono, nikadhani ananiinua. Akaninong'oneza, "Safi sana, usiamke haraka." Nikamwambia, "Dada, goti limekatika." Akaubana mkono wangu, akasema, "Hivyohivyo, lia zaidi."

Refa naye alikuwa anatujua. Akaniambia niamke la sivyo ananipa kadi. Wakaninyanyua, nikamalizia mechi nachechemea. Tukashinda. Wenzangu wakapanda gari na kombe lao, wakazunguka mjini wanaimba. Mimi nimebaki kwenye nyasi, goti limevimba kama boga. Wanasema kila mmoja alidhani niko na mwingine. Sawa. Na mimi nadhani hivyo siku ambazo nimeamka vizuri.

Aliyekuja ni kiungo wa Bonga. Mtu niliyemkaba mechi nzima, tena nilimpiga na kiwiko na refa hakuona. Alikuwa ameshafungasha viatu vyake. Akachuchumaa akasema, "Pole dada. Mimi nilikuona usoni. Wewe ulikuwa huigizi." Akaita bodaboda, tukapanda mshikaki, watatu juu ya pikipiki moja, yeye nyuma amenishikilia nisianguke, mpaka hospitali.

Daktari akasema kano ya goti imechanika, na kwamba kuendelea kucheza juu yake ndiko kulikomaliza kazi. Nikarudi nyumbani kukaa. Baba Elia yuko machimboni, mama yangu anapika, akipita tu ananiambia, "Si nilisema?" Nikawa nasubiri timu. Nilifagia hata uwanja wa nyumbani kwa mkono mmoja, nimeegemea fimbo, ili wakija wakute pasafi. Asubuhi moja wakapita barabarani wanakimbia mazoezi. Wakanipungia mkono. Hawakusimama! Mbele yao nikaona binti mgeni, nikaambiwa katolewa kule Sigino, ana mapafu hatari. Walishapata Injini nyingine.

Ndugu zangu, nilichukia. Nyie mnasimama hapa mnasema mlikata tamaa, mimi sikukata tamaa, mimi nilichukia. Nilikuwa naomba Mungu wafungwe. Waliposhinda nilikosa hata hamu ya kula.

Yule wa Bonga ndiye aliyekuwa anakuja, kila Jumapili akitoka kanisani kwake. Anamwamkia mama yangu, "Shikamoo mama," anapewa chai, halafu ananishika mkono tunafanya yale mazoezi tuliyoelekezwa hospitali. Kuinua mguu, kushusha. Kutembea mpaka kwa jirani na kurudi. Nikilia ananiacha nilie, halafu anasema, "Haya, tena." Mwaka ukapita hivyo, na zaidi. Siku moja akaniambia, "Njoo ucheze kwetu."

Nikamwambia, "Unanitania? Siwezi kukimbia."

"Nani kakwambia ukimbie? Ulikuwa unakimbia sana, ndiyo maana ulikuwa huoni. Mimi nilikuwa napita kila ulipotoka."

Iliniuma, lakini ilikuwa kweli. Akanifundisha upya, mtu mzima mimi. Kabla mpira haujanifikia nigeuze shingo, niangalie nyuma ya bega hili na hili, nijue adui yuko wapi. Nisimame mahali mwenzangu ananiona. Mpira nikiupata niutoe mapema. Na nafasi yangu nisiiache kwenda kufanya kazi ya mwingine. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda kuliko yote. Daktari akaniruhusu kwa shingo upande, nifunge bandeji na nisicheze muda mrefu.

Mechi yangu ya kwanza nikiwa Bonga, Mungu si Athumani, tukapangiwa timu yangu ya zamani. Nikaingia kipindi cha pili. Nikamsikia yule kocha anawapigia kelele mabinti zake, "Huyo mwacheni, mguu hana!" Wakaniacha. Nikapokea mpira, nikageuza shingo, nikautoa. Nikapokea tena.

Halafu tukapoteza mpira, na upande wetu wa kushoto uko wazi, beki wetu kapanda. Akina mama, mwili wangu wote ulitaka kwenda. Mguu ulishanyanyuka. Nikaurudisha chini. Nikabaki katikati, nikamwita yule binti kwa sauti yangu yote, "Rudi!" Akageuka, akarudi mbio, akauchukua mpira mwenyewe, akanipa.

Nikasimama na ule mpira mguuni nataka kulia. Kumbe watu wana miguu! Miaka yote ile walikuwa na miguu yao!

Hatukushinda siku hiyo, tulitoka sare. Lakini nilitoka uwanjani natembea mwenyewe.

Namshukuru mwenzangu wa Bonga, amekaa pale nyuma, hapendi kuonyeshwa mbele za watu. Namshukuru mama yangu, aliyenichua huku akinigombeza. Somo langu kwenu ni fupi. Kama nyumbani, au kwenye kwaya, au kwenye kikundi, kila kinachoanguka unakiokota wewe, siku moja usiokote. Simama, uwaite kwa majina. Usisubiri goti liwasemee.

Mwaka huu nahodha wangu wa zamani alinijia, akaniambia, "Mama Elia, samahani, tulidhani unaigiza." Nikamwambia, "Ulikuwa umenishika mkono."

Mama mchungaji anataka niseme nimesamehe. Nimesamehe nusu, mbele za Mungu sitadanganya. Hiyo nusu nyingine niombeeni, na wale mnaotazama sakafu ndio mtangulie kuomba, kwa sauti.