Wa Kuuombea Mpera

Kijiwe chetu cha Chemchem kiko ubavuni mwa nyumba ya Humaidi muuza kahawa: benchi mbili, gogo moja, na mpera wa mkewe, Bi Tufaha. Mwaka ule karanga za serikali ya Mwingereza kule Urambo zilikuwa zimeshagoma kuzaa, na mpera nao ulikuwa na misimu mitatu haujatoa hata pera la kumzuga mtoto. Hakuna tumbo pale benchini ambalo halijatulizwa na majani yake yaliyochemshwa, lakini shukrani za kijiwe mnazijua: tuliuita tasa mchana kutwa huku tumekaa kivulini mwake. Bi Tufaha alipopanda treni kwenda Kaliua kumlea binti yake Khole aliyejifungua, alimwachia mumewe agizo moja tu. Mti uamshwe kwa desturi ya mama yake. Mtu mmoja ashike shoka, autishe, aguse gome kidogo, mwingine amdake mkono, aseme, "Usiukate, mwakani utazaa." Mti ukisikia hivyo huona haya, ukazaa. Humaidi akazembea mpaka asubuhi ya siku ambayo mkewe anarudi. Ndipo akamwita Lugembe mkata kuni, akatuachia dele zima la kahawa, akaondoka kwenda stesheni mbiombio.

— Lugembe atatisha, alisema huku akiondoka. Nyie mmoja wenu aombe. Mti huu ameupanda mwaka niliomuoa. Ukiharibika sina pa kulala.

Lugembe si mtu wa maneno. Akatema mate viganjani, akainua shoka, akagusa gome. Ko.

Ghalibu akasimama kuomba. Huyu tunamwita Shajara, yaani mti wa nasaba, maana hawezi kuomba hata kashata bila kwanza kuwataja babu zake. Kabla hajafungua kinywa, Justus akamshika kanzu. Justus ni karani mstaafu wa reli, na utotoni alitumikia misa kwa mapadri, jambo ambalo hajamruhusu mtu kulisahau.

— Unaomba kwa lugha gani?

— Kwa Kiarabu, akasema Shajara. Mpera umekuja huku na misafara ya babu zangu. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Nyoka umemtaja mwenyewe. Mipera inayozaa kuliko yote mji huu ni ya bustani ya mapadri. Na pale inasikia nini asubuhi na jioni? Kilatini. Mimi nikisema "Ora pro nobis", yaani utuombee, tawi linainama.

— Linainama kwa uzito wa mapera.

— Na mapera yametoka wapi?

Shajara akakaa kunywa kahawa. Ko, likalia shoka tena. Lugembe akatugeukia, akangoja. Aliyemjibu ni Bernardo, tuliyemwita Bama kwa sababu alikwenda vitani Bama, ng'ambo ya bahari, na mpaka leo hajamaliza kurudi. Alimtazama Lugembe kwa masikitiko ya koplo.

— Wewe unatisha kama mtu anayebisha hodi. Mti si mjinga. Tisha kweli.

— Nitie nguvu?

— Tia. Samaki mkunje angali mbichi.

Lugembe akatia nguvu, na Bama akatugeukia sisi.

— Wote mmepotea. Nchi sasa ni ya nani? Ya Mwingereza. Mti hautii lugha ya mtu asiye na bendera. Kule Bama afisa wetu aliufokea mpera kwa Kiingereza jioni. Alfajiri tunaamka, mapera kama vichwa vya watoto. Tukayala kwa uma.

— Uma mliutoa wapi msituni? akauliza Shajara.

— Tuliuteka.

— Karanga za Urambo zilifokewa kwa Kiingereza, akasema Justus, na matrekta juu yake. Zikazaa nini?

— Zilifokewa na raia. Mimi nasema habari za jeshi.

Mimi nikapendekeza tuuombe kwa Kinyamwezi, maana udongo ule ni wa Unyanyembe na mti unakunywa maji ya hapa. Wote watatu wakapatana kwa mara ya kwanza tangu asubuhi: wakaniambia ninyamaze, nimimine kahawa.

Shajara alikuwa ameshapumzika.

— Babu yangu, akasema, alikuwa na mpera Kwihara. Akirudi safari za Manyema, akiwa bado upande wa pili wa kilima, mti unamtambua, unaangusha pera moja bivu. Wake zake wakisikia pu, wanabandika wali.

— Mti wa Kwihara bila shaka ulikuwa na jina, akasema Justus. Huu hauna. Haujabatizwa. Unauombeaje mti usio na msimamizi?

— Sasa utaubatiza mti wa Waislamu?

— Mkono mtupu haulambwi, akasema Bama, na hakuna aliyeuliza mkono umeingiaje. Upigiwe saluti kwanza, upewe na cheo. Mti usio na cheo utazaa kwa amri ya nani?

Shoka lilikuwa linalia muda wote huo, nasi tulikuwa tumeshalizoea. Shajara hata alipandisha sauti ili lisimkatize. Kisha likanyamaza. Mpera si mvule; haukutoa mshindo. Ulilala taratibu kwenye gogo letu kama mgeni aliyechoka kungoja kukaribishwa.

— Umetishika, akasema Lugembe, akaomba kikombe. Nikainamisha dele. Halikutoa tone.

Ndivyo alivyotukuta Bi Tufaha, mumewe yuko nyuma na furushi kichwani. Tukamwamkia shikamoo kwa pamoja, tukaanza kueleza kwa pamoja. Shajara alimlaumu Justus, Justus akamlaumu Bama, Bama akamlaumu Lugembe kwa kuzidisha amri. Bi Tufaha alitupita, akaenda moja kwa moja kwenye mti. Alichuchumaa penye matawi, akaanza kufunua majani ya upande wa juani. Chini ya majani kulikuwa na vitumba, na viwili vitatu vimeshachanua vyeupe. Mti ulikuwa umeanza wenyewe, na hakuna mmoja wetu aliyeinua kichwa kuutazama. Niliumia, nasema kweli, na nadhani hata Bama aliumia.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

— Lugembe alikuwa wa kutisha, akasema. Kazi yake ameifanya. Wa kuomba alikuwa nani?

Kiarabu kilikuwepo, Kilatini kilikuwepo, Kiingereza cha jeshi kilikuwepo, na Kinyamwezi changu pia. Hakuna kilichotoka. Humaidi akatua furushi, akalitikisa dele, akamtazama mkewe. Kisha akaanza kukusanya vikombe, kimoja kimoja, hata kile nilichokuwa nimekishika mkononi.