Marashi ya Straton

Ndani ya lori la Nyakiriba, Drocella alimwambia mwanamke aliyekaa naye kwamba anarudi kwao huko Nyakiriba. Mumewe Straton amemshinda. "Alikupiga?" "Hapana. Anajimwagia marashi ya Goma, nusu chupa kila siku. Mi nalala mulangoni, mama, napiga chafya tu!"

Yule mama, mke wa fundi cherehani, aliyezoea udi tangu utoto, alicheka kwa dharau. "Wazee watauliza kosa lake. Utasema ananukia?" "Nitasema!" "Anafanya kazi gani?" "Muvuvi." "Bon. Na nani alimuambia ananuka samaki?"

Lori zima likatega sikio. Ni Drocella mwenyewe aliyemwambia Straton hivyo, tena mbele ya wavuvi wenzake.

Lori likasimama Nyakiriba. Drocella alikumbatia kifurushi chake, wala hakuinuka.